Barua ya wazi kwa makanisa ya Kagera: Warudisheni yatima kwenye bajeti zenu

Baba Maaskofu, wachungaji, mapadre, masista, wainjilisti, makatekista, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya mkoani Kagera,

Barua hii ni ya Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana na ndugu zetu Wapentekoste kwa pamoja.

Mimi ni mama wa kanisa, mkazi wa wilaya ya Muleba. Nimelea watoto wa marehemu dada yangu, na kwa miaka mingi nimekuwa mhudumu wa kujitolea wa wagonjwa majumbani. Ninayoyaandika hapa nimekwisha kuyasema kwenye vikao vya jumuiya na vya wazee. Kila mara nimeambiwa kwamba yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Nimeona sasa niyaseme mbele ya watu wote, kwa sababu wanaoumia hawaalikwi kwenye vikao hivyo.

Nianze na deni la shukrani. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani hapa, katika hospitali ya Ndolage, hospitali ya kanisa. Wakati ule tuliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vikivuka mpaka kutoka Uganda. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa na wagonjwa. Mwaka uliofuata watafiti walipopima watu Bukoba mjini, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikutwa na virusi. Dawa hazikuwapo, na serikali ilikuwa haina kitu. Aliyekuwapo alikuwa mama wa kanisa aliyebeba ndoo ya maji kwenda kumwosha jirani aliyekuwa akiharisha usiku kucha, na kijana wa kwaya aliyechonga msalaba. Walikuwapo wauguzi wa Ndolage, Rubya, Kagondo, Mugana, Nyakahanga na Murgwanza, zote hospitali za makanisa. Ndipo Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT ilipoanzisha Huduma ya Watoto, HUYAWA, na maparokia nayo yakaandikisha yatima wao kigango kwa kigango. Wengi tulio hai leo ni matunda ya kazi hiyo. Kwa hiyo sisemi kwamba hamjui kulea. Mnajua, na ndiyo maana nawadai.

Hoja yangu ni hii: mlianza kuwalea yatima kwa mikono yenu wenyewe, kisha mkaukabidhi ulezi huo kwa miradi, na sasa miradi imefungwa nanyi mnangoja mfadhili mwingine. Naomba msingoje. Yanayoniuma, na ninayoyaomba, ni haya.

1. Yatima hawamo kwenye bajeti zenu

Kwa zaidi ya miaka kumi malezi ya watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi yalikuja nchini kwa majina ya miradi: Pamoja Tuwalee, Kizazi Kipya, Kizazi Hodari. Fedha zilitoka Marekani. Makanisa yalipewa nafasi ya kutekeleza, na mengi yalitekeleza vizuri. Lakini taratibu mazoea yalibadilika. Mtoto akikosa daftari, mwinjilisti alisema, "Mpelekeni kwa mhudumu wa mradi." Bibi akiishiwa, kiongozi wa jumuiya aliuliza kama yumo kwenye orodha. Sadaka ya wahitaji, iliyokuwa ikikusanywa kila mwezi katika mitaa mingi, ikafa bila mtu kutangaza kifo chake.

Kisha tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Dawa za kufubaza virusi ziliruhusiwa kuendelea kutolewa. Malezi ya yatima hayakuhesabiwa kuwa huduma ya kuokoa maisha. Huku vijijini tuliona maana yake upesi: mhudumu aliyekuwa akipita kwa baiskeli hakupita tena, na watoto waliokuwa wakikumbushwa siku ya kliniki wakawa hawakumbushwi.

Sikuona kanisa hata moja jirani yangu likiitisha kikao cha dharura. Nilichoona ni harambee. Mnara, vyombo vya muziki, uzio, gari la kiongozi. Sina chuki na mnara, na mchungaji anayepanda milima ya Muleba wakati wa masika anahitaji gari. Lakini kama jumuiya zetu zinaweza kuchanga mamilioni kwa Jumapili moja, na kwenye mnada wa baada ya ibada mkungu mmoja wa ndizi unanunuliwa kwa bei ambayo sokoni hauipati, basi sitaki tena kusikia kwamba kanisa halina uwezo. Kanda hii imeipa Afrika Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika zama zetu, mwaka 1960. Imeipa dunia Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, mwaka 1977. Kanisa lenye historia ya namna hiyo halipaswi kumlea mtoto wake kwa fedha ya mgeni peke yake.

Ombi: kila usharika na kila parokia itenge sehemu ya kumi ya mapato yake ya mwaka kwa ajili ya yatima na kaya zilizoguswa na UKIMWI. Mnatufundisha zaka kila wiki. Nanyi toeni zaka ya mlichopokea. Mfuko huo usomwe kwenye matangazo kila robo mwaka kama mnavyosoma mfuko wa ujenzi, kiasi kilichoingia na kilichotoka. Na asiye Mkristo asiachwe. Tulipokuwa tukizika kila wiki, jirani Mwislamu alichimba kaburi pamoja nasi.

2. Mpeni bibi fedha, acheni kujenga mabweni

Yatima wengi wa Kagera hawakulelewa na taasisi. Walilelewa na bibi zao, wanawake waliokwisha kuzika watoto wao wenyewe. Hata hivyo mgeni anapokuja na fedha, wazo la kwanza la viongozi wetu huwa ni jengo: kituo cha watoto, chenye bango barabarani. Ndani yake mara nyingi mnakuta watoto wenye bibi, shangazi, hata mzazi mmoja aliye hai, waliopelekwa pale kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula. Fedha inayomtunza mtoto mmoja kituoni ingeitunza kaya nzima, na mtoto angebaki kwao, akaijua lugha yao na makaburi yao.

Hili halihitaji mtaalamu kutoka mbali. Pale Nshamba, wilayani kwetu, tangu 2003 shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi. Fedha yenyewe si nyingi. Mabibi wamenunua sabuni, chumvi, mafuta ya taa, viatu vya shule, na nyama siku ya sikukuu. Hawakuhitaji semina ya kufundishwa matumizi. Serikali nayo, kupitia TASAF, inagawa ruzuku kwa kaya maskini, lakini kila kijiji kina bibi aliyerukwa. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana bado vinamngoja yeye.

Ombi: kwa miaka mitano ijayo msijenge kituo kipya cha yatima. Kila mtaa na kila kigango kiandike majina ya wazee wanaolea, na mfuko niliouomba hapo juu uwafikie kila mwezi, mkononi au kwa simu. Na tafadhali acheni kuwapiga picha watoto wakiwa wameshika mabango ya shukrani. Watoto hawa wanakua, na picha zile hazifutiki.

3. Ardhi ya yatima inaliwa mbele ya macho yenu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kanisa lina nguvu kuliko mahakama, na halitumii nguvu hiyo.

Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, chini ya migomba. Mtoto akinyang'anywa kibanja amenyang'anywa chakula, nyumba na kaburi la mama yake kwa siku moja. Nani hunyang'anya? Mara nyingi ni baba mdogo, baba mkubwa au kaka wa ukoo, watu tunaokaa nao benchi moja kanisani. Mtaani kwetu mtu aliyeuza kibanja cha watoto wa marehemu kaka yake aliendelea kusoma somo madhabahuni Jumapili. Watoto wenye mali walikuwa wamekaa nyuma, wakimsikiliza. Hakuna kiongozi aliyemwita hata faragha.

Najua mtaniambia kwamba hayo ni mambo ya mila na sheria. Sheria yenyewe haijawa rafiki wa mjane. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 linamnyima mjane fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na linamtaka atunzwe na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania irekebishe kanuni za namna hii, baada ya wajane wawili wa Kitanzania kupeleka malalamiko yao. Lakini mila haikuwahi kuwa jiwe. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, na mtoto wa nduguye akamshitaki kwa madai kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mama yule alishinda. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Sheria hizo zimo vitabuni. Siku ya kumaliza matanga, anayesikilizwa ni mwenye sauti kubwa katika ukoo, naye mchungaji au katekista amekaa hapohapo, ameshafunga kwa sala, anangoja chai.

Siku hiyo ndiyo siku yenu. Ukoo wote upo, balozi yupo, mashahidi wapo, na watu bado wana hofu ya Mungu.

Ombi: msiondoke kwenye matanga kabla ya kuuliza mbele ya watu maswali matatu. Marehemu ameacha wosia? Nani anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na lini atakwenda Mahakama ya Mwanzo? Mipaka ya kibanja cha watoto ni ipi? Majibu yaandikwe kwenye daftari la usharika au la parokia, yatiwe saini na mashahidi. Kila jimbo na kila dayosisi imlipe angalau mwanasheria mmoja au msaidizi wa kisheria wa kuwasindikiza wajane na watoto mahakamani. Na msharika akithibitika amekula mali ya yatima, asipewe uongozi wala kusimama madhabahuni hadi airudishe. Mnawatenga waimbaji wa kwaya kwa kupata mimba. Hili mnaliachia ukoo.

4. Fungueni madaftari, sameheni madeni

Kijana yatima anapoomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuonyesha vyeti vya vifo vya wazazi wake vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Wazazi wengi wa Kagera walifia nyumbani, wakazikwa bila cheti. Ushahidi pekee uliobaki mara nyingi umo kwenye daftari la maziko la kanisa, na cheti cha ubatizo ndicho karatasi ya kwanza inayotaja jina la baba.

Nimemsindikiza kijana kuomba barua ya namna hiyo katika ofisi moja ya kanisa. Kabla ya salamu kwisha aliulizwa kadi yake ya sadaka, kisha akahesabiwa ahadi ambazo bibi yake hakulipa. Bibi mwenyewe alikuwa kitandani. Tulirudi nyumbani bila barua.

Ombi: barua, nakala za ubatizo na taarifa za maziko zitolewe bure kwa yatima, bila kuuliza kadi wala ahadi. Na maiti ya maskini izikwe na kanisa lake bila kwanza kupekuliwa madeni.

5. Semeni wazi juu ya dawa

Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure nchini tangu 2004. Nimeona watu waliokuwa mifupa wakirudi shambani. Kisha mwaka 2011 likaja jambo la kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Foleni za magari zilifika kilomita nyingi, na wagonjwa waliotoka kila mkoa walirudi wakiamini wamepona. Wako walioacha dozi. Baadhi ya viongozi wa makanisa walikwenda nao wakanywa, na waumini wakaona ruhusa imetolewa.

Mchungaji Mwasapile amekwisha kufariki, lakini kikombe kimezaa watoto: maji ya upako, mafuta, ushuhuda wa kurudisha kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya dawa za kufubaza virusi, mbele ya mkutano huku watu wakipiga makofi. Ndugu zangu wa Kipentekoste, nasema nanyi kwa upendo. Ombeeni wagonjwa, wekeni mikono, fungeni. Lakini mtu anayeacha dozi kwa neno lenu, virusi vinaongezeka, vinazoea dawa, naye anarudi kwetu sisi wahudumu wa majumbani akiwa hawezi kusimama. Aliyemshangilia siku ya ushuhuda hayupo tena.

Ombi: kila kanisa litangaze madhabahuni, angalau mara moja kila mwezi, kwamba sala na dawa vinakwenda pamoja, na kwamba hakuna mtumishi mwenye mamlaka ya kumwambia mtu aache dozi.

6. Vijana waliozaliwa na virusi wanataka kuoa na kuolewa

Watoto waliozaliwa na maambukizi wakati huduma za kumkinga mtoto hazijaenea sasa ni vijana. Wanaimba kwaya zenu. Wanafundisha watoto wenu shule ya Jumapili. Wamemeza dawa tangu hawajui kusoma, wengine chooni bwenini ili wenzao wasiwaone. Na kwenye semina za vijana wanakaa wakisikiliza mwalimu anayeeleza kwamba UKIMWI ni mshahara wa uasherati. Binti mmoja aliniuliza baada ya semina ya namna hiyo kama mama yake yuko motoni. Sikupata jibu la haraka. Nilimshika tu, nikakasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyoniandikisha barua hii.

Kisha inakuja ndoa. Makanisa mengi yanadai wachumba wapime kabla ya kutangazwa. Kupima ni kwema, mimi mwenyewe nimewashauri wengi. Lakini majibu yanapitia kwenye bahasha ya ofisi, karani anaona, mzee anaona, na ndoa isipotangazwa Jumapili iliyopangwa mtaa mzima unakuwa umekwisha kujua. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema majibu ya kipimo ni siri ya aliyepimwa. Na sayansi imekwisha kusema kwamba anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Wanaweza kuoana, na wanaweza kuzaa watoto wazima.

Ombi: wachumba wapime pamoja kituoni na wapokee majibu wao wenyewe na mshauri wao. Mchungaji au padre ajue tu kwamba wamekwenda. Wakisema wanajuana hali zao na wanataka kufunga ndoa, wafungisheni. Na masomo ya semina za vijana yaandikwe upya, pamoja na vijana hao wenyewe mezani.

Wazee wangu, mnaufahamu waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, mstari wa 27. Sina haja ya kuwasomea. Msipofanya lolote, najua yatakayotokea kwa sababu yamekwisha kuanza: msichana wa darasa la saba anakwenda kufanya kazi za ndani Mwanza, kijana anaacha kliniki kwa kukosa nauli, kibanja kinauzwa, na baada ya miaka michache tunazika tena kwa ugonjwa wenye dawa.

Ninaomba hoja hizi ziingizwe kwenye ajenda za halmashauri kuu za dayosisi, halmashauri walei na mabaraza ya wazee kabla ya bajeti ijayo kupitishwa. Kama kuna ombi mnalolikataa, semeni mnalikataa na mtoe sababu. Na majibu yenu msiyatume kwangu kwa barua. Yasomeni kwenye matangazo ya ibada, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, ili mabibi wanaolea wayasikie wenyewe, na atakayekuwa na swali asimame aulize.

Wenu katika Bwana,

Mama mlezi na mhudumu wa wagonjwa majumbani
Muleba, Kagera